Taa ya kuchaji kwa nyumba ya Mkomani: chagua betri kwanza

Swali: Assalaam aleikum. Tunakaa Mkomani, Lamu, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Stima zikipotea hatuoni hata ngazi. Bibi huamka usiku kwenda msalani, mama hushona kofia, na watoto wana kazi za shule. Kwa miaka miwili nimenunua taa tatu za kuchaji, zile zenye meno ya kuchomeka ukutani, na zote zimekufa. Ninunue taa gani isiyonifia?

Jibu: Waleikum salaam. Kwa maelezo yako, kilichokufa ni betri, taa zenyewe huenda hazina kasoro. LED huwaka maelfu ya saa bila kuchoka. Ukizifungua leo, karibu hakika utakuta kijiboksi kigumu kimeandikwa 4V au 6V. Hiyo ni betri ya risasi na asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari, na hakuna betri isiyofaa zaidi kwa taa inayokaa kabatini ikingoja stima zipotee.

Betri ya risasi hutaka kukaa imejaa. Ikitumika ikaachwa tupu, sahani zake huota chembechembe za salfeti. Siku za mwanzo chembe hizo ni laini na huyeyuka ukichaji. Zikipita wiki kadhaa huwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Taa nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kukata umeme betri ikishuka, kwa hiyo usiku mmoja wa kusahau swichi unatosha kuimaliza. Watu wakishajua hilo hukimbilia upande wa pili: huiacha taa kwenye soketi siku zote ili ikae tayari. Chaja yake haina akili ya kuacha betri ikijaa, inaendelea kusukuma umeme mpaka maji yaliyomo ndani yanakauka na boksi linavimba. Ukiiacha tupu inakufa, ukiiacha kwenye soketi inakufa. Ongeza joto letu: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi karibu nusu. Chumba cha juu wakati wa kaskazi huzifikia nyuzi hizo bila shida.

Kabla sijaendelea, neno moja la usalama kuhusu taa hizo za meno. Nyingi hazina transfoma ndani. Umeme wa volti 240 unapunguzwa na kapasita tu. Maana yake ni kwamba taa ikiwa kwenye soketi, waya wa betri unaouona ni wa volti 4 unaweza kuwa umebeba umeme wa ukutani. Usiifungue ikiwa imechomekwa, na ikiwa kasha lina ufa, mtoto asiishike inapochaji.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Tafuta taa ya lithiamu inayochajiwa kwa waya wa simu. Lithiamu zenyewe ni za aina mbili. Ya kawaida huandikwa 3.7V, na ndiyo ile ya kwenye simu na pawabenki. Ya pili huandikwa 3.2V au LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti. Hii ya pili ni nzito kidogo kwa umeme ule ule, lakini inavumilia joto, haikasiriki ikikaa imejaa, na huchajiwa mara 2,000 au zaidi ilhali ile ya kawaida huanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500. Kwa Lamu ningelipa zaidi nipate 3.2V. Taa nyingi nzuri za sola hutumia aina hii, na ndiyo maana utaona taa ya sola ya mwaka wa nne bado inawaka huku ya ukutani imeshatupwa.

Namba ya kuangalia kwenye boksi si wati za taa, wala si maandishi makubwa ya "super bright". Angalia mAh za betri (kipimo cha umeme inaoweza kubeba) na volti zake, kisha zidisha: mAh mara volti, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa. Betri ya 2,000 mAh yenye volti 3.7 ina wati-saa 7.4. LED ya kawaida hutoa takribani lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila wati, kwa hiyo betri hiyo itawasha lumeni 200 kwa saa tatu hivi, au lumeni 50 kwa saa 12 na zaidi, ukitoa kinachopotea njiani. Mshumaa mmoja ni kama lumeni 12, ukitaka kipimo cha kulinganisha. Boksi likisema lumeni 1,000 kwa saa 20 na betri ni 2,000 mAh, hesabu imekataa, rudisha taa kwenye rafu. Hata viwanda vyenye heshima vina ujanja wao hapa. Kipimo cha kawaida cha tochi na fanusi huhesabu muda mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza, kwa hiyo "saa 8" inaweza kuwa saa mbili za mwanga na sita za kijivu.

Uongo mkubwa uko kwenye betri za duara zinazoweza kutolewa ndani ya taa, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zinazoitwa 18650. Betri bora kabisa ya umbo hilo haizidi mAh 4,000 hivi. Utakuta dukani zimeandikwa 6,800, nyingine hata 9,900. Hiyo ni rangi tu. Ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hadi 48. Ya uongo mara nyingi haifiki 35, maana ndani kuna kiini kidogo na nafasi tupu. Sonara yeyote wa mjini ana mizani inayotosha, na hatakutoza kupima betri. Kama betri haitoki, chaji taa kutoka tupu na uangalie saa. Chaja ya ampea moja huijaza betri ya 2,000 mAh kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Taa ikiwasha kijani baada ya dakika 40, una betri ya mAh 500 au 600, boksi liseme litakavyo.

Mnahitaji kiasi gani? Lamu iko mwisho wa laini ndefu ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Hitilafu popote njiani huko inawafikia, na fundi hutumia saa, si dakika, kuitafuta. Kwa hiyo pangeni usiku mzima. Taa ya sebuleni wati 2 kwa saa tano ni wati-saa 10. Ya kushonea, wati 1.5 kwa saa tatu, ni 4.5. Jikoni wati moja kwa saa mbili. Ya ngazi, theluthi ya wati kwa saa kumi, ni kama 3. Jumla haifiki 20. Ongeza robo ya kupotea njiani na ya betri kuzeeka, ni 25. Hizo ni betri tatu za 18650 za kweli za mAh 2,600. Si nyingi, na ndiyo sababu nasema taa ndogo kadhaa zenye betri za kweli zinawafaa kuliko limoja kubwa la kung'aa.

Na nyumba yenyewe inataka hivyo. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, mwanga wa chumba kimoja hauendi cha pili. Dari ya boriti ni nyeusi na iko juu. Taa inayoelekeza mwanga juu, ambayo kwenye nyumba ya dari nyeupe ingesambaza mwanga kote, kwenu mwanga wake unamezwa na boriti. Tumieni chokaa badala yake. Fanusi ikiwekwa ndani ya kidaka (shubaka la ukutani) kilichopakwa chokaa, kidaka kinageuka kioo, mwanga unamwagika chumbani bila kumchoma mtu macho. Jaribuni kwanza kuiweka nyuma kabisa ya kidaka, halafu isogezeni mbele kidogo kidogo mpaka mseme basi. Mkitaka kuitundika, fungeni kamba kwenye boriti iteremke mpaka kama mita 1.8 kutoka sakafuni, isibaki juu kwenye mita tatu. Mwanga unaofika mkekani hupungua haraka sana kadiri taa inavyopanda. Chagueni taa yenye kishikio cha chuma kinachozunguka, si kikamba cha mpira.

Kwa rangi ya mwanga, sebuleni na chumba cha Bi Mkubwa chukueni ya manjano, kwenye boksi 2,700K au 3,000K. Ile ya buluu-nyeupe ya 6,500K huita wadudu zaidi, na wanaoijua Lamu baada ya mvua wanajua maana yake kwenye sahani ya chakula.

Kushona kofia ni jambo jingine, na hapa watu hukosea kwa kuongeza nguvu ya taa. Anayeshona kofia anafuata vitobo vidogo kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Mwanga ukitoka juu ya kichwa chake, au mbele usoni, kitobo na kitambaa vinang'aa sawasawa na jicho halioni tofauti. Mwanga ukitoka ubavuni, chini chini, karibu sambamba na kitambaa, kila kitobo kinatupa kivuli chake na kila uzi unasimama. Kwa hiyo taa ya lumeni 100 tu, yenye shingo ya kupinda, iwekwe upande wa mkono usioshika sindano, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye kazi, ikiinama. Itamfaa mama kuliko ya lumeni 500 iliyotundikwa. Kama boksi linataja CRI, ambacho ni kipimo cha namna mwanga unavyoonyesha rangi, tafuta 90. Chini ya 80, uzi wa maziwa na uzi mweupe kabisa vitafanana usiku na kutofautiana asubuhi. Kisha elekeza kamera ya simu kwenye taa ikiwa imepunguzwa mwanga. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, taa inapepesa, na baada ya saa moja ya sindano kichwa kitauma.

Kwa ngazi, Bi Mkubwa asihangaike kutafuta swichi. Kuna taa ndogo zenye kihisio cha mwendo, zinawaka mtu akipita na kuzima baada ya nusu dakika. Wekeni moja kichwani mwa ngazi na moja chini, kimo cha goti, ili mwanga upige makanyagio na usimpige machoni. Kasoro yake ni hii: kihisio hakioni mtu, kinaona tofauti ya joto kati ya mwili na ukuta. Usiku wa joto kali la kaskazi tofauti hiyo hupungua, na taa huchelewa mpaka mtu ameshakaribia. Jaribuni mwezi wa Machi, si Julai. Ikichelewa, badala yake acheni taa ndogo ya lumeni 10 iwake usiku kucha. Inakula kama wati-saa moja na nusu tu mpaka alfajiri.

Kuna pia balbu za chaji, zinazoingia kwenye holda ya kawaida na kubaki zinawaka stima zikipotea. Zinafaa msalani. Lakini betri yake ndogo iko karibu na joto la balbu yenyewe, hivyo haidumu sana. Tena huwaka kwa kuhisi kwamba nyaya bado zimefungamana na mzigo mwingine, kwa hiyo mkizima swichi kuu ya nyumba kwa hofu ya umeme kurudi kwa kishindo, zinaweza kuzimika nazo. Msishtuke.

Adui wa pili baada ya betri mbovu ni chumvi. Hewa ya bahari huweka utando kwenye kila chuma, na unyevu unaufanya upitishe umeme. Tundu la kuchajia ndilo linaloanza kuoza: pini zinageuka kijani, chaji inakatika-katika, na mtu anasema betri imekufa. Nunua taa yenye kifuniko cha mpira kwenye tundu, na kwenye boksi utafute IP54 au zaidi, ambacho ni kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji. IPX4 inamaanisha imepimwa kwa michirizi ya maji tu, haisemi lolote kuhusu vumbi na mchanga, kwa hiyo ukipeleka taa jahazini au Shela ufukweni, chukua IP65. Waya usiachwe ndani ya tundu siku nzima. Chuma chenye chumvi kikiwa na umeme huoza haraka kuliko kikiwa hakina. Kila mwezi, taa ikiwa imezimwa na waya umetolewa, safisha tundu kwa mswaki laini mkavu. Ikiwa kijani kimeshaanza, lowesha mswaki kwa spiriti ya hospitali, sugua, acha ikauke saa moja kabla ya kuchaji.

Hapa niseme jambo linalorudisha madukani kila siku taa ambazo hazijaharibika. Taa nyingi mpya zina tundu la C (Type-C, kama la simu mpya), lakini waliozitengeneza wamebana senti za vipinga viwili vidogo ndani. Ukitumia chaja mpya ya simu ambayo waya wake ni C pande zote mbili, chaja inauliza, taa haijibu, umeme hautoki. Tumia waya wa zamani, wenye kichwa kipana upande wa chaja na C upande wa taa, na itachaji vizuri tu.

Kama mnapata jua uani au darini, paneli ya wati 5 ni msaada mzuri. Kwa saa tano hivi za jua kamili, na kutoa theluthi ya kupotea, inarudisha wati-saa 17 kwa siku safi, karibu matumizi yenu yote. Siku za masika msitegemee hata nusu. Paneli itoke nje, isiwekwe nyuma ya kioo wala chini ya ukingo wa makuti, na kivuli cha waya wa kuanikia nguo kikipita juu yake hupunguza zaidi ya unavyodhani. Kwa taa za sola zilizopimwa, mpango wa VeraSol una orodha mtandaoni. Tafuta jina la taa humo kabla ya kulipa. d.light na Sun King zote zina modeli kwenye orodha hizo, lakini angalia modeli yenyewe, maana jina lililogongwa mhuri kwenye boksi linaweza kuigwa.

Njia nyingine ya bei nafuu, kama mna pawabenki nzuri nyumbani, ni taa ya waya tu, isiyo na betri. Pawabenki ya kweli ya 10,000 mAh ina wati-saa 37. Ukitoa hasara, inawasha taa ya wati 3 kwa saa kumi. Mtego ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, chini ya miliampea 50 au 100, zikidhani simu imejaa. Kwa hiyo taa ya ngazi ya theluthi ya wati inaweza kuzimika baada ya dakika chache. Itumieni kwa taa ya sebuleni.

Tunzeni betri hivi: lithiamu ya 3.7V isikae wiki nyingi imejaa bila kutumika, wala isikae tupu. Itumieni jioni moja kila wiki hata stima zikiwepo, kisha chajini Ijumaa, mtoe waya taa ya kijani ikiwaka. Isichajiwe godoroni, wala chini ya makuti. Sakafu ya mawe, au hicho hicho kidaka, ni mahali pake. Ikivimba, au kasha likiachana, acheni kuichaji siku hiyo hiyo, itoeni nje, msiitoboe. Wekeni pia tochi moja ya betri kubwa za alkali, kwa usiku wa tatu stima hazijarudi na mawingu yamefunga. Betri zikae kwenye pakiti yake kando ya tochi, si ndani. Zikikaa ndani huvuja, na kwa hewa yetu spring huliwa kabisa. Za alkali zikivuja, unga wake mweupe hutoka kwa kitambaa chenye ndimu, kisha kitambaa chenye maji kidogo, kisha ikauke. Msiguse unga huo kwa kidole.

Na zile taa tatu za zamani, usizitupe bado. Fundi akipima betri ya 4V baada ya kuchajiwa usiku mmoja na kupumzishwa saa mbili, ikisoma 4.2 bado ina uhai, ikisoma 3 haina. Akisema ataibadilisha, aweke betri ya risasi ya volti na umbo lile lile, na uichaji kila baada ya matumizi, saa 8 hadi 10 ikiwa imeisha, na muda mfupi zaidi kama mliiwasha dakika chache tu. Akikupendekezea aweke lithiamu ndani ya taa hiyo hiyo ili iwe nyepesi na idumu, mwambie hapana: chaja ya ndani haijui kuacha, na lithiamu isiyoachwa ikijaa inaweza kuwaka moto.